Wengi Wape, Lakini Wapewe Nini?

Katika mabaraza ya miji yetu, mashauri yakishakuwa marefu na kahawa ikaisha, hapakosi mtu wa kusema: "Wengi wape." Asemapo hivyo maneno hukatika, watu wakainuka, na jambo likahesabiwa limekwisha amuliwa. Nasi hatuisemi vibaya methali hii, kwani wazee wetu hawakuiweka bure. Lakini ukiisikiliza vizuri utaona kwamba watu wawili huitamka kwa nia mbili. Mmoja huisema kwa adabu, akaiacha rai yake kwa ajili ya wenziwe. Mwengine huisema kwa kuchoka au kwa khofu, na moyoni mwake anajua kwamba hilo alilolikubali ni dhulma.

Mas-ala haya tumeyasoma katika darasa zetu kwa majuma kadhaa: kiongozi afuate watu wake, au afuate dhamiri yake? Na tusemapo kiongozi hatukusudii mtawala au mbunge peke yake. Imamu wa msikiti ni kiongozi, na mwenye kiti wa kamati ya madrasa, na mzee wa mtaa, na baba katika nyumba yake. Wako wasemao kwamba kiongozi ni mtumishi, na mtumishi hana rai mbele ya waliomtuma. Na wako wasemao kwamba kiongozi ni mchungaji, na mchungaji hawaulizi kondoo njia ya malishoni. Kila kundi lina ushahidi wake katika sira ya Mtume (S.A.W.). Hawa hutaja Uhud, ambako aliwafuata wengi. Wale hutaja Hudaybiya, ambako hakuwafuata. Ajabu ni kwamba ni nadra kumwona mtu akizisoma khabari hizo mbili pamoja.

Vita vya Uhud vilikuwa katika Shawwal ya mwaka wa 3 wa Hijra, nao ni mwaka 625 wa Miladi. Makureshi walikuja kiasi cha watu 3,000 kulipiza kisasi cha Badr. Mtume aliwakusanya watu akawataka shauri. Rai yake mwenyewe ilikuwa wasitoke. Wakae ndani ya Madina, na adui akiingia wampige vichochoroni, na wanawake na watoto wamtupie mawe kutoka juu ya nyumba. Hata Abdullah bin Ubayy, mkubwa wa wanafiki, alisema vivyo hivyo. Lakini vijana, khasa waliokosa kuhudhuria Badr, walikuwa na moto wa kutoka. Walikhofu watu wasije wakasema kwamba Waislamu wamejifungia majumbani kwa woga. Sauti zao zikawa nyingi, na Mtume akaiacha rai yake, akaingia nyumbani, akavaa deraya.

Alipotoka amekwisha jifunga silaha, watu walikuwa wamegeuka. Waliambizana kwamba wamemlazimisha Mtume jambo asilolitaka, wakamwendea na kumwambia kwamba akipenda kukaa, na wakae. Akawajibu kwamba haimpasi Nabii akisha kuvaa deraya kuivua kabla Mwenyezi Mungu hajahukumu baina yake na adui yake.

Hapa pana fundisho ambalo msomaji mwenye haraka hulipita. Jambo waliloshauriana lilikuwa ni la mpango wa vita: papiganwe wapi. Halikuwa na haramu upande huu wala upande ule, wala hapakuwa na mtu wa kudhulumiwa haki yake kwa kutoka au kwa kukaa. Katika jambo la namna hiyo, tena roho zitakazotolewa ni zao wenyewe, aliwapa wengi walilolitaka. Lakini aliwapa mara moja. Waliopiga kelele za kutoka ndio hao hao waliotaka kukaa baada ya saa chache, na lau angaliwafuata mara zote mbili asingalikuwa kiongozi; angalikuwa bendera.

Na sasa mtazame Abdullah bin Ubayy. Rai yake iliafikiana na ya Mtume, na khatari aliyoikhofia katika kutoka ilitokea kweli. Lakini njiani aligeuka na watu wake kiasi cha 300 katika jeshi la watu 1,000, akilalamika kwamba vijana wamesikilizwa na yeye hakusikilizwa. Mtume, ambaye rai hiyo ilikuwa yake kabla ya kuwa ya mtu mwengine, alikwenda mbele. Yeye alirudi nyumbani kwake. Twawajua watu wa namna hii katika kila kamati. Mtu akishindwa katika shauri hukaa pembeni akingojea wenziwe waanguke, na wakianguka husema, "Niliwaambia." Kusibu kwake katika rai hakukumpa ruhusa ya kuwaacha wenziwe njiani.

Wapiga mishale 50 waliwekwa juu ya kilima chini ya Abdullah bin Jubayr, wakaamrishwa wasiondoke, Waislamu washinde au washindwe. Walipowaona Makureshi wanakimbia, walio wengi wakasema vita vimekwisha, wakateremkia ngawira. Amiri wao akawakumbusha amri, wasimsikie. Akabaki na wachache wasiotimia hata kumi, akauawa mahali pake. Hapo ndipo wengi walipojipa wenyewe. Khalid bin Walid, ambaye siku hiyo alikuwa bado upande wa Makureshi, akazunguka na wapanda farasi wake akaja kwa nyuma, na Waislamu kiasi cha 70 wakafa mashahidi, na Hamza ammi yake Mtume ni katika wao.

Lau ni sisi, baada ya msiba kama huo tungalisema: basi tena, watu hawa hawaulizwi kitu. Tumeona kamati zikivunjwa kwa kosa dogo kuliko hilo. Lakini katika Sura ya Aal Imran, aya ya 159, iliyoshuka baada ya Uhud, Mtume aliamrishwa awasamehe watu wake, awaombee maghufira, na awashauri katika mambo. Kisha akishaazimia amtegemee Mwenyezi Mungu. Na watu wa kushauriwa ni wale wale waliotaka kutoka, na wale wale walioteremka kilimani. Shauri lilikuwa limeleta khasara, na amri ya kushauriana haikuondolewa.

Tuje sasa kwenye Hudaybiya, na hapo tukae kidogo. Katika Dhulkaada ya mwaka wa 6, yaani 628 wa Miladi, Mtume alitoka Madina na watu kiasi cha 1,400, wamehirimia Umra, wakichunga ngamia 70 wa kuchinjwa, wala hawakuchukua silaha ila panga zilizo alani. Mtume alikuwa ameota kwamba wanaingia Msikiti Mtakatifu kwa amani, na hapakuwa na mtu mwenye shaka. Wale Muhajirina waliokuwamo walikuwa na miaka sita hawajaziona nyumba zao. Makureshi wakawazuia mpakani mwa Haram, karibu na mji kiasi cha kuumiza moyo. Kisha ikavuma kwamba Sayyidna Uthman, aliyetumwa kwenda kuzungumza nao, ameuawa. Watu wakampa Mtume baia chini ya mti kwamba hawatakimbia. Uthman akarudi salama, lakini damu zilikwisha chemka. Katika hali hiyo akaja Suhayl bin Amr kuandika sulhu.

Masharti yalikuwa machungu. Waislamu warudi mwaka huu bila ya kuingia Makka, waje mwaka ujao kwa siku tatu. Vita visimame miaka kumi. Atakayemkimbilia Mtume kutoka kwa Makureshi bila ya idhini ya walii wake arudishwe, na atakayewakimbilia Makureshi kutoka kwa Mtume asirudishwe. Suhayl akakataa Mwenyezi Mungu asiandikwe kwa jina la Rahman, akakataa Muhammad asiandikwe kuwa ni Mtume. Sayyidna Ali, aliyekuwa akiandika, hakuweza kulifuta neno hilo kwa mkono wake. Mtume akalifuta mwenyewe.

Wangali katika hayo, akatokea Abu Jandal, mtoto wa Suhayl huyo huyo, anajikokota katika minyororo. Alikuwa amesilimu, amefungwa na jamaa zake, akatoroka mpaka akajitupa mbele ya Waislamu. Suhayl akasema huyu ndiye wa kwanza wa kurudishwa. Mtume akamwomba amwachie kwa hisani tu, akakataa. Abu Jandal akapiga kelele kwa Waislamu: mnanirudisha kwa washirikina waniteze dini yangu? Kila aliyekuwapo alikuwa na upanga kiunoni na mtu huyo mbele ya macho yake. Mtume akamwambia asubiri, kwamba Mwenyezi Mungu atamfanyia faraja yeye na wanyonge wenziwe. Sisi tumekwisha wapa watu hawa ahadi, nasi hatuvunji. Abu Jandal akarudishwa.

Hatudhani kwamba kama pangalipigwa kura saa ile sulhu ingalipata kura kumi. Sayyidna Umar alisimama akamwendea Mtume, akamwuliza kama yeye si Mtume wa kweli, na kama wao hawako juu ya haki, basi kwa nini wakubali unyonge katika dini yao? Akajibiwa kwamba yeye ni Mtume wa Mwenyezi Mungu wala hamwasi. Akauliza tena: si ulituambia tutaizuru Al-Kaaba? Akajibiwa: je, nilikwambia ni mwaka huu? Umar hakutulia; akamwendea Abubakar akamwuliza yale yale, akapata majibu yale yale.

Baada ya sulhu kuandikwa Mtume aliwaambia watu wainuke wachinje na wanyoe. Hakuinuka mtu. Akasema mara tatu. Hakuinuka hata mmoja. Akaingia hemani kwa mkewe, Bibi Ummu Salama, akamweleza. Bibi yule akampa shauri: atoke, asiseme na mtu neno lo lote, achinje ngamia wake na amwite kinyozi wake amnyoe. Akafanya hivyo. Watu walipomwona waliinuka wakachinja, wakanyoana, na kwa huzuni waliyokuwa nayo ilikaribia wauane. Msomaji akumbuke khabari hii pindi asikiapo kwamba mashauri makubwa si kazi ya wanawake. Wanaume 1,400 walikuwa wamekwama, na aliyewakwamua ni bibi mmoja aliyefahamu kwamba watu waliovunjika moyo hawahitaji hotuba ya nne. Wanahitaji kuona mkubwa wao ametangulia.

Sasa mlinganishe Umar na Ibn Ubayy. Ibn Ubayy alisibu katika rai akaharibu kwa kitendo. Umar alikosa katika rai, na watu wengi walikuwa nyuma yake; lau angalitaka fitina angaliipata bila ya taabu. Lakini hakunong'ona hema kwa hema. Alisema usoni, kwa mwenye amri mwenyewe, na alipokwisha jibiwa alichinja pamoja na wenziwe. Tena imepokewa kwamba miaka baadaye alikuwa bado anafunga, anatoa sadaka na kuacha huru watumwa kwa ajili ya maneno yale aliyoyasema siku ile.

Yaliyofuata yajulikana. Wakaingia Makka mwaka wa 7 kwa siku zao tatu kama ilivyoandikwa. Katika amani ile watu walichanganyika, wakasikilizana, na walioingia katika Uislamu wakawa wengi, na Khalid bin Walid na Amr bin Al-As wamo. Abu Jandal alitoroka tena, akaungana na Abu Basir na wenziwe katika njia ya pwani ya kwendea Sham, wakazisumbua tijara za Makureshi hata Makureshi wenyewe wakamwomba Mtume awachukue watu hao kwake na sharti lile liachwe. Na katika Ramadhani ya mwaka wa 8, yaani Januari 630, kabla ya miaka miwili kutimia, Mtume aliingia Makka na watu 10,000.

Hapa msomaji mwerevu atatuuliza: Mtume alikuwa na wahyi, viongozi wetu wana nini? Swali ni la haki, na kiongozi anayejilinganisha na Mtume kila anapopingwa ni wa kuogopwa. Kwa hivyo tumtazame mtu asiyekuwa na wahyi. Mwaka wa 11, yaani 632, Mtume alipofariki, Sayyidna Abubakar alisimama akawaambia watu kwamba wamempa amri naye si mbora wao. Akifanya vyema wamsaidie, akipotoka wamnyooshe. Kisha kabla ya muda kupita akasimama kinyume cha wakubwa wao mara mbili. Jeshi la Usama bin Zayd lilikuwa limeamrishwa na Mtume mwenyewe kwenda Sham. Makabila yakaanza kuasi, Madina ikawa khatarini, na Masahaba wakaona jeshi lisiende, au kama litakwenda, apewe mtu mzima kuliko Usama, ambaye alikuwa hajatimia miaka ishirini au ndio kwanza aifikie. Abubakar akakataa yote mawili. Akatoka kulisindikiza kwa miguu, na Usama amepanda. Na alipotaka Umar abaki naye Madina, alimwomba Usama ruhusa. Mara ya pili ni walipozuia zaka baadhi ya makabila. Umar mwenyewe akamwuliza vipi atawapiga vita watu wanaoshahidia. Abubakar akamjibu kwamba zaka ni haki iliyo katika mali, wala hataitenga na sala. Umar akakiri baadaye kwamba hiyo ndiyo haki.

Tazama mambo aliyoyang'ang'ania ni yepi. Hakung'ang'ania rai iliyozaliwa kichwani mwake. Jeshi lilikuwa ni amri ya mtu aliyekwisha kufa, ambaye hawezi tena kujitetea. Zaka ni haki ya maskini, na maskini hakuwamo katika mashauri ya wakubwa wa makabila. Na Hudaybiya ahadi ilikuwa ya Suhayl, adui, asiyependwa na mtu hata mmoja katika kambi ile. Haki zote hizo zina mwenyewe aliye nje ya mkutano. Na mkutano, hata ukijaa mpaka mlangoni, hauwezi kusamehe deni la mtu asiyekuwapo.

Turudi mitaani kwetu. Katika mambo mengi wengi wapewe, tena kwa moyo mkunjufu. Darasa iwe baada ya Alasiri au baada ya Isha. Kisima kichimbwe upande huu au ule. Mchango uanze kwa paa au kwa vyoo: fedha ni zao, na miguu itakayochoka ni yao. Mwenye kiti anayeshikilia rai yake katika hayo kwa sababu tu ni yake, akauita ukaidi wake dhamiri, anajidanganya nafsi yake.

Lakini chukua mfano wa wakfu. Mtu alikufa zamani, akaacha nyumba, kodi yake iwe ya mayatima. Leo watu wa mtaa wamekutana, na wote kwa sauti moja wanataka kodi ile inunue vipaza sauti, au nyumba ikodishwe kwa jamaa wa mmoja wao kwa bei ya kindugu. Hoja ni tamu, na asiyekubali ataitwa adui wa maendeleo. Wenye haki hawamo: mmoja yuko kaburini, na wengine ni watoto wasioalikwa mikutanoni. Wanazuoni wametufundisha kwamba sharti la mwenye kuweka wakfu, likiwa ni la halali, huheshimiwa. Msimamizi akisema hapo "wengi wape", amegawa kisichokuwa chake wala chao.

Na imamu, ambaye posho yake inatoka mikononi mwa kamati? Kamati ina haki ya kumpangia saa na kumwomba afupishe hotuba, na mara nyingi ingekuwa ni rehema kwa wazee waliokaa juani. Haina haki ya kumwambia anyamaze juu ya dhulma kwa kuwa mwenye kudhulumu ndiye mtoaji mkubwa. Lakini imamu naye asiende kuyamwaga mimbarini kabla ya kwenda kusema nao uso kwa uso, kama alivyofanya Umar. Siku hizi tena baraza zimeingia katika simu, na mtu hupata watu mia wa kumwunga mkono kabla hajabisha hodi kwa anayemlalamikia.

Hapa petu tunaye Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Alipotoa Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, aliandika mambo ambayo si kila baraza liliyapenda. Hata hivyo hakuwapa watu kisogo. Aliwaandikia kwa Kiswahili wapate kufahamu, na mwenye la kujibu ajibu. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na cheo hicho alikuwa nacho mpaka kufa kwake mwaka 1947. Twamtaja kwa sababu wako vijana wadhanio kwamba kukhalifu rai ya wengi ni lazima kuende pamoja na kuwadharau.

Limebaki swali moja ambalo katika darasa hatukulimaliza. Katika yote tuliyoyataja, kiongozi ndiye aliyekuwa na haki, na watu ndio waliochelewa kuiona. Itakuwaje mambo yakipinduka, kiongozi akawa ndiye mwenye kulazimisha, na mwenye dhamiri ni raia tu, hana jeshi wala cheo? Hiyo ni khabari ya Imamu Ahmad bin Hanbal, na mtihani ulioanzishwa na Khalifa Al-Maamun mwaka 833, wanazuoni wakatakiwa wakiri kwamba Kurani imeumbwa, na wengi wakakiri. Tutaisoma katika darasa ijayo, Inshallah, na mwenye kitabu chenye maisha ya Imamu huyo tunamwomba aje nacho.